Alichosema Emilian Redioni

Wakitoka mnadani Karatu, wafanyabiashara wawili wa Kichaga walikuwa wakibishana ndani ya Landrova juu ya kipindi cha jana redioni. Kilimhusu Emilian, kijana wa kampuni ya utalii aliyewatelekeza wageni kwenye geti la hifadhi, akatoweka.

"Tapeli tu," alisema Godson, ambaye hakuwahi kumtia machoni.

"Si kaomba msamaha?" Jackline akamkatiza. "Tena mwishoni kaongea Kiiraqw, lugha ya kwao, sauti inamkwama."

"Geresha hizo!"

Nyuma yao Selina, mama mzazi wa Emilian, alijikaza. Miaka mitatu alikuwa hajaisikia sauti ya mwanawe hadi jana, na betri za redio zikamwishia katikati ya kipindi.

"Samahani, wanangu. Hicho Kiiraqw, alisemaje?"

"Mama, sisi Wachaga," Jackline akajibu taratibu. "Tulichoelewa ni kilio tu."

Gari likasimama kijijini Qurus, Selina akashuka.