Pimakwanza na Mashine Aliyoisingizia

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mama muuza maziwa. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka siku alipoifungua cherehani ya baba yao, akaifunga tena vizuri kabisa, kisha akabaki na skrubu moja mkononi. Alikula bakora. Lakini aligoma kwenda kulala mpaka skrubu ile ipate mahali pake, na baba akalazimika kumshikia taa.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya ufundi. Hesabu alizipenda, yeye na insha walikuwa hawasalimiani. Mwaka 1979 alihitimu stashahada ya ufundi wa vifaa tiba, na mwaka huohuo akaajiriwa kwenye karakana ya hospitali, chumba kile cha nyuma ya dobi chenye joto la kuivisha mayai.

Kazi yake ilikuwa mashine za kufuatilia mapigo ya moyo, zile monita za kando ya kitanda. Iliyokufa kabisa, aliitoa betri kwanza na kuipeleka kwa wanaojua kuiharibu kwa usalama. Ole wako akukute umeitupa jalalani. Iliyokuwa inahamia kituo kingine, aliisafisha kwa dawa, akafuta kumbukumbu za wagonjwa waliotangulia, kisha akavua shati na kujifunga waya kifuani yeye mwenyewe. Ndipo watu wakamwita Pimakwanza. "Usimpe mtu mashine ambayo wewe huwezi kulala nayo," alikuwa akisema.

Mkewe alimpata kwa ugomvi. Muuguzi mmoja wa wadi ya wazazi alikuwa ameziba spika ya monita kwa plasta.

"Nani kamziba mdomo huyu?" marehemu aliuliza.

"Mimi. Analialia ovyo, wagonjwa hawalali."

"Sasa akinyamaza siku ya kulia kweli?"

Alikaza waya uliolegea, kelele zikaisha. Hata hivyo alirudi kuikagua kila wiki, na wadi nzima ikajua kinachosumbua si mashine. Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1987.

Alipostaafu aliendelea kwenda karakana, ambako bintiye mkubwa alikuwa amerithi meza yake. Agosti mwaka 2023, alipokuwa akiiandaa monita moja kuukuu kwa ajili ya zahanati ya wazazi isiyokuwa na mashine hata moja, ilimwonyesha mapigo yasiyo na mpangilio. Alibadilisha waya, akabadilisha betri. Mashine haikubadili msimamo. Kwa hasira akaibandika stika nyekundu, maana yake ikavunjwe. Binti akajifunga waya zilezile. Ikasoma sawasawa.

"Baba, mashine nzima hii."

"Nzima wapi? Mimi nazijua hizi!"

"Baba, mbovu ni wewe."

 Alicheka mpaka akakohoa, akaibandua ile stika. Madaktari walithibitisha kwamba moyo wake ulikuwa umetanuka.

Walimwamuru apumzike. Hakukubali, kwa sababu monita ile ilikuwa imekwisha kuandikwa miongoni mwa vyuma chakavu kwa neno lake. Alipanda ngazi akihema, akipumzika kila kona, hadi ofisini kwa mganga mkuu. "Niliisingizia," alisema. "Nivunjeni mimi, yenyewe iacheni." Mganga mkuu alicheka, akaiondoa monita kwenye orodha.

Alilazwa tarehe 2 Februari 2024, na akadai alazwe chini ya mashine hiyohiyo, iliyokuwa bado inasubiri safari ya zahanati. "Nikiondoka," alimwambia bintiye, "mnifute kama wengine, halafu ipelekeni." Alifariki tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Kengele ililia. Safari hii hakuna aliyeiziba, na muuguzi alifika mbio.

Jana binti aliirudisha karakana. Aliisafisha kwa dawa. Alipofika kwenye jina la baba yake alisita, akalia, kisha akafuta. Akajifunga waya. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, na mashine ikasema hivyohivyo.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na dada yake. Tumeumia sana, lakini kazi hatuiachi. Kesho asubuhi mashine inakwenda zahanati.

Pumzika kwa amani, baba. Imepimwa.