Safu Iliyofutwa kwenye Jedwali la Chujio

Ndugu waombolezaji, historia hii naisoma mimi mama yake, kwa sababu ile iliyoletwa na kituo cha utafiti alichofanyia kazi ilikuwa na mistari minne, na wa tatu ulimwita msaidizi wa kompyuta.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1987, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wangu wa pili, akaanza shule ya msingi iliyo nyuma ya soko mwaka 1994, kisha sekondari ya wasichana, halafu chuo kikuu, ambako alisoma kemia hadi shahada ya tatu mwaka 2016, mimi nikidhani kusoma nako kuna mwisho.

Kazi alianza tarehe 6 Februari 2017, na kwa kuwa wengi mmeniuliza alikuwa akifanya nini, nawaeleza kama alivyonieleza mimi nikimenya viazi: ukipitisha umeme kwenye maji unapata hidrojeni, nishati isiyo na moshi, lakini panahitajika kichocheo cha kurahisisha kazi, na vilivyopo ni vya madini adimu, kwa hiyo yeye alibuni ndani ya kompyuta michanganyiko elfu kumi na mbili ya metali za kawaida, akaichuja kwa hesabu hadi ikabaki sitini, ndiyo maana wenzake wakamwita Chujio.

Aliolewa tarehe 9 Juni 2018 na fundi umeme huyu mnayemwona, wakajaliwa mapacha wa kike tarehe 21 Novemba 2019.

Jedwali lake la hiyo sitini lilikuwa na safu mbili, ya kasi na ya kudumu, na kwenye safu ya kudumu aliandika kwamba namba moja, iliyoongoza kwa kasi, itayeyuka kwenye asidi inayotiwa katika maji hayo, lakini mkuu wa kituo akaifuta safu hiyo ili jedwali lienee ukurasa mmoja, wakahangaika na namba moja miezi kumi na minne, ikayeyuka, lawama akatupiwa yeye. Kisha wakarudi kimyakimya kwenye namba arobaini na moja, aliyoiandikia kwamba itadumu, nayo ikadumu, na ripoti ikatoka tarehe 3 Mei 2024 ikiwa na majina manane, la aliyefuta safu likiwa la kwanza, la mwanangu halimo.

Wakati huo alikuwa amelazwa kwa saratani ya damu, iliyogunduliwa Januari 2023, akapiga simu kuuliza, akajibiwa, dada, wewe pona kwanza, majina ni mambo madogo. Alifariki Alhamisi tarehe 22 Agosti 2024, saa nne asubuhi, jedwali lenye safu zote mbili likiwa chini ya mto wake, na nakala zake ziko pale mlangoni, kila mtu achukue.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliowalea mapacha, na wenzake wa maabara waliokuja kumwona bila kutumwa. Mkuu wa kituo, asante kwa shada la maua, utepe wake umeandikwa jina la mwanangu kamili, bila kosa hata herufi moja, kumbe mnajua linavyoandikwa.

Pumzika kwa amani, mwanangu, hili la jina lako lililobaki niachie mimi.