Marieta Tluway na Machicha Aliyowagawia Watoto wa Basotu

Baba Paroko, makatekista, wazee, walimu na ninyi nyote mliolia pamoja nasi tangu Jumanne, familia ya Mzee Wolfgang Gidahosh inawasomea maisha ya mama kama alivyoagiza yasomwe, yaani mazima, pamoja na aibu yake na yetu, kwa kuwa alizichukia sifa za msibani kuliko alivyoyachukia maradhi yake.

Marehemu Marieta Tluway alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 huko Tlawi, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Tluway na Mama Gaudensia, wakulima wa mahindi na maharage, akabatizwa mwezi huohuo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akawashinda wavulana katika hesabu, lakini hakuendelea, kwa sababu nyumbani kwao ng'ombe walikuwa wengi na mabinti walikuwa wachache.

Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa takatifu na Wolfgang, mfugaji wa hapa Basotu, na Mungu akawajalia watoto wanne, Felician, Natalia, Filomena na kitindamimba Patriki, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1991.

Kazi yake ilikuwa kilimo, na pamoja nacho kupika pombe ya mtama kwa ajili ya kazi za ujima, maana kwetu shamba la jirani hulimwa kwa mikono mingi, na mikono hiyo hushukuriwa kwa chungu, desturi ambayo wazee wetu waliiwekea mpaka, wenye mvi wakanywa na vijana wakangoja, nasi tukaung'oa mpaka huo kwa mikono yetu. Pombe ikishachujwa, yale machicha, makapi mazito ya nafaka yaliyolowa kilevi, marehemu aliwagawia watoto waliotoka shule mchana na njaa, wa kwake na wa majirani, wakala kwa viganja, wakalamba vidole, nzi wakitembea midomoni mwao, nasi wazazi tukapita tukasema, tazameni ukarimu wa Mama Felician.

Mwaka 2001 Mwalimu Frida, aliyekuwa amehamishiwa hapa kutoka mkoa mwingine, alikuja nyumbani kwake, akampa shikamoo, akamweleza kwa adabu kwamba Patriki na wenzake wa darasa la nne wakirudi darasani mchana hulala juu ya madaftari, wakitokwa na udenda, marehemu akamjibu kwamba machicha ni chakula tu, mbona hata kuku wanakula, ndipo mwalimu akamwonyesha jogoo aliyekuwa akipepesuka uani, akamuuliza kama naye ameshiba tu, na wanawake waliokuwapo wakacheka hadi wakashika mbavu, marehemu akicheka kuliko wote. Kicheko hicho alikiungama hadi mwisho wa maisha yake.

Patriki alitoka kwenye machicha akaingia kwenye pombe, akatoka kwenye pombe akaingia kwenye gongo, akaacha shule akiwa kidato cha pili mwaka 2006, na tarehe 9 Juni 2014 alikutwa kando ya njia ya kisimani, amelala chali, amesongwa na matapishi yake mwenyewe, mama yake akamwosha, akaingiza kidole kinywani mwa mwanawe, akatoa maganda ya mtama. Kwenye msiba ule ule, wakati jeneza lingali ndani, watoto walionekana nyuma ya nyumba wakikwangua chungu cha pombe waliyopewa wachimba kaburi, na wazazi wao wakiwatazama. Chukizo hilo halikumtoka, na baada ya matanga alivunja vyungu vyake vyote.

Tarehe 20 Agosti 2016 yeye na Mwalimu Frida waliitisha mkutano wa wazazi na vijana, wakamketisha kila mtoto ubavuni mwa mzazi wake, na Violeth, binti wa jirani yetu Mzee Baltazar, akiwa na miaka kumi na minne, alisimama akauliza ni nani kati ya watu wazima waliokaa pale aliyemwonjesha kwa mara ya kwanza, wanaume wakatazama kofia zao, kisha marehemu akasimama na kusema kwamba ni yeye. Mzee Baltazar alicheka, akasema wote tumekuzwa na machicha na hatujafa, marehemu akamwomba aende akamwambie Patriki maneno hayo kaburini. Siku hiyo tulikubaliana kwamba mtoto hatumwi pombe wala haonjeshwi, tukanyoosha mikono yote miwili, na kesho yake, baada ya misa, wapo walionyoosha mikono hiyo waliokutwa wamemkabidhi dumu mtoto wa darasa la tatu. Marehemu na vijana walirudi kwenye nyumba hizo mara kumi, mara ishirini, wakaitwa wachawi wa furaha za watu, yeye akaitwa Mama Maji, naye akaitika.

Mwezi Machi 2024 alianza kusumbuliwa na koo, hospitalini ikathibitika kuwa ni saratani, na alipoona mwisho wake umekaribia aliomba jambo moja, kaburi lake lichimbwe bila chungu cha wachimbaji, ili mtoto yeyote asiambulie hata tone kwa sababu ya kifo chake. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Jana wanaume sita wazima walifika na majembe, walipoelezwa wosia huo, na kwamba watapewa uji badala ya pombe, wakasema kaburi halichimbwi kwa uji, wakayabeba majembe yao wakaondoka, nasi tunalisema hapa mbele za Mungu kwa sababu linatia kinyaa. Ndipo Violeth na vijana wenzake kumi na mmoja walipoingia shimoni, baba na mama zao wakizoa udongo, na Mzee Baltazar, ambaye hakuitwa na mtu, alikuja saa nane na sururu begani, akashuka karibu na binti yake, akachimba, akapewa uji, akanywa, akaomba tena. Kaburi limekamilika, futi sita kamili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Mwalimu Frida na walimu wenzake, jumuiya ndogondogo, majirani, na vijana ambao mikono yao bado ina malengelenge.

Mama Marieta, pumzika sasa kwa amani uliyoikosa tangu Juni ile.