Mama Piusi na Sponji za Viti

Leo, tarehe 30 Juni 1989, Bi. Marsela Tluway, ambaye sote tunamwita Mama Piusi, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika Karakana ya Ushirika wa Mafundi hapa Karatu. Mimi, Josephati, nimefanya naye kazi miaka kumi na minne. Nadhani nimepewa kazi ya kuandika ukurasa huu kwa sababu ndimi niliyemcheka kuliko wote.

Aliingia mwaka 1967 akitokea Kansay na cherehani yake mwenyewe, akaanza kushona viti vya magari. Tangu mwanzo alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia gundi hii haishiki turubai, atataka kujua haishiki turubai kavu au lenye vumbi, kisha atakwenda kujaribu yote mawili.

Udadisi huo ndio uliomtoa kwenye cherehani. Mwaka 1982 pedi za kiwandani za kung'arishia rangi ya gari, zile za sufu zinazofungwa mbele ya mashine, ziliadimika kabisa. Za magendo hatukuzimudu. Tulibaki na moja, imekakamaa kama gunzi. Mama Piusi aliigeuzageuza, akaomba boneti ya lori bovu iliyokuwa nyuma ya karakana, akaigawa kwa chaki vyumba kumi na viwili. Kila chumba akakijaribu kwa kitu chake.

Alianza na ngozi ya kondoo kutoka Endabash. Kondoo wetu wana nywele, hawana sufu; zikanyonyoka na kuacha mikwaruzo mipya. Blanketi lilisugua haraka, likaunguza rangi. Ndipo akageukia mabaki ya sponji zake za viti, akazikata kwa kufuatisha sahani na kuzishonea turubai kwa nyuma. Sponji ngumu ya kiti cha lori iliondoa mikwaruzo ikaacha ukungu. Ya godoro ilikuwa laini mno, ikajikunja kwa joto. Ya migongo ya viti vya Kombi ilifuta ule ukungu.

Nilimwuliza kama anafua boneti au anaipika.

"Josephati," alijibu bila kuinua kichwa, "chumba cha saba na cha nane vina tofauti gani?"

Sikuona tofauti. Akanivuta mkono hadi jua likapiga kwa ubavu, nikaona kimoja kina vialama vya mviringo na kingine hakina.

Mwezi huohuo wa majaribio alikuja Ngoitiko, dereva wa hoteli moja ya watalii kule Ngorongoro. Alikuwa amekwepa ndama barabarani na kuingiza Land Rover ya kijani kwenye miiba. Ubavu mzima ulikuwa umechanwa, na rangi ya kupulizia haikuwepo hata Arusha. Meneja wake, Bwana Bartolomeo, alikuwa amemwambia kwamba gari lisipokuwa safi kufikia Jumamosi, funguo atapewa mwingine. Tulikuwa na siku tatu.

Mama Piusi alianza na sponji laini, ile ya Kombi, mahali padogo chini ya mlango. Iliposhindwa, akapanda kwenye ngumu, kisha akarudi kwenye laini kumalizia.

"Ukianza na kali," aliniambia, "rangi uliyokwisha kuila huirudishi."

Mikwaruzo ikaondoka mmoja mmoja hadi ukabaki mmoja, juu ya gurudumu la nyuma. Alipopitisha ukucha, ukucha ulinasa.

"Mama, sugua kidogo tu," Ngoitiko alimsihi. "Huo ndio atakaouona."

"Nikisugua zaidi tutaona bati, mwanangu."

Ngoitiko alikaa kwenye tairi. Mimi nikapendekeza tuupake rangi ya viatu.

"Mvua ya kwanza itatusema," akasema Mama Piusi. Akavua aproni, akapanda gari, nami nikapanda nyuma.

Kule hotelini hakumngoja meneja akague. Alimpeleka moja kwa moja penye mkwaruzo. "Huu nimeuacha mimi, siyo kijana wako. Nikiufuta, rangi itaisha na mwakani utakuwa na kutu."

Bwana Bartolomeo alipitisha ukucha. Akalizunguka gari mara mbili. Ngoitiko alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hatimaye meneja aliuliza ni pedi gani iliyotumika. Mama Piusi akatoa kwenye kikapu ile sponji ya Kombi, naye akaiminya kwa kidole gumba muda mrefu, kama mtu anayechagua parachichi.

"Jumatatu," alimwambia Ngoitiko, "uwapelekee na lile jeupe."

Ngoitiko anaendesha hadi leo. Yale magari mengine manne ya hoteli yakafuata, na mwaka uliofuata Mama Piusi akawa mkuu wa kitengo cha rangi. Vijana sita wamejifunza kwake kujaribu laini kwanza, na kumweleza mwenye gari ukweli kabla hajaugundua mwenyewe. Mimi nilijifunza la pili kwa kuchelewa.

Sasa anarudi Kansay kwenye mahindi na ng'ombe wake. Amekwisha kutuambia anataka kujua kwa nini shamba la chini hukomaa kabla ya la juu. Majirani wajiandae kuulizwa.

Mama Piusi, ahsante kwa kazi na kwa uvumilivu wako kwetu. Tunakuombea afya njema, mvua za wakati na siku nyingi za kupumzika. Nenda salama, mama yetu.