Ufunguo wa Yai la Tegu

Benchi la Abdulkadiri, muuza kahawa wa gulioni Mlali, lilikuwa ubao wa behewa ulioletwa kutoka Gulwe na Bartolomayo, mstaafu wa reli, ambaye kijiwe kilimwita Redio. Jirani yake alikaa Harithi, fundi baiskeli, aitwaye Injinia. Sharti la benchi lilikuwa moja: nguruwe hatajwi jina mbele ya birika la Abdulkadiri, huitwa Mheshimiwa. Asubuhi hiyo ya gulio, mwaka ule hospitali zilipoanza kuwataka wagonjwa wachangie, Methusela Masinga alikaa ncha ya benchi na kahawa ikampolea mkononi. Mkewe, Dorkasi, alikuwa ameanguka kifafa mara ya tatu. Ili ampeleke hospitali ilimpasa kumuuza Mheshimiwa wake, na mnunuzi alikuwa njiani kutoka Dodoma. Lakini alfajiri Methusela alimpanua mnyama kinywa kwa kijiti, kama wafanyavyo wanunuzi, akapapasa ulimi. Akakuta punje tatu.

— Punje za namna gani? aliuliza Redio.

— Kama mtama uliolowekwa.

— Zitumbue kwa sindano. Nani atajua?

— Nitajua mimi.

— Shemeji anaendeleaje? aliuliza Injinia.

— Amelala. Bwana Anyitike wa mifugo anasema huenda punje kama hizo ziko kichwani mwake.

Redio alitua kikombe.

— Zimefikaje kichwani?

Methusela alieleza polepole, kwa kuwa alikuwa amelirudia somo hilo la Bwana Anyitike njia nzima. Yai la tegu, mnyoo anayeishi utumboni mwa mtu, lina ganda gumu. Likimezwa, linakutana tumboni na kimeng'enya, kile kitu cha mwili kinachosaga chakula. Kimeng'enya kinalegeza ganda, kijidudu kinaamka, kinatoboa utumbo, kinasafiri na damu mpaka mahali kinapopapenda. Kwa Mheshimiwa, nyamani. Kwa binadamu, hata kichwani.

— Kwa hiyo tumbo lenyewe ndilo linalomfungulia mwizi mlango! alisema Injinia.

— Basi tumnyang'anye ufunguo, alisema Redio. Mtu asile. Tumbo tupu halina kimeng'enya.

— Asile mpaka lini? aliuliza Injinia.

— Mpaka yai lichoke kusubiri.

— Redio, betri zako zimekwisha. Nati iliyoshika kutu huilegezi bila mafuta ya taa. Kimeng'enya ndicho mafuta ya taa. Anywe magadi kila asubuhi, ganda lizidi kukaza.

— Magadi ya nini? aliingilia Abdulkadiri. Kahawa yangu hii chungu, kijidudu akiionja anarudi ndani ya ganda na kufunga mlango mwenyewe.

— Mnahangaika bure, alisema Redio. Zamani, tulipopanga foleni ushirika, nani alisikia habari za kimeng'enya? Wamefungua mipaka, kimeingia ndani ya marobota ya mitumba!

— Kumbe wakati huo tumbo lako lilisaga ugali kwa kibali cha mkoa? aliuliza Injinia.

Walicheka. Methusela hakucheka.

— Bwana Anyitike aliniuliza swali moja, alisema. Mheshimiwa alilila wapi hilo yai?

— Upepo, alisema Redio. Upepo wa huku unabeba hata bati.

— Pumba za dukani, alisema Injinia. Siku hizi kila mtu anauza, nani anakagua?

— Au amerogwa, alisema Redio. Mchawi wa sasa anaagiza mayai kutoka nje.

Lori lilisimama. Mwanamke mwenye kanga mbili na mkoba wa ngozi alishuka, akajinyoosha kiuno, akaja moja kwa moja.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Naitwa Bupe, namtafuta Mzee Methusela wa yule mnyama. Ila kwanza, nimetoka Dodoma saa kumi na moja. Choo cha hapa gulioni kiko wapi?

Redio aliangalia birika. Abdulkadiri aliinamia makaa. Injinia alikohoa, kikohozi kisicho na sababu. Nyuma ya benchi kijia kilichochongwa na miguu yao wenyewe kiliingia kwenye minyaa, walikozoea kujisaidia. Na wakati huohuo Mheshimiwa wa jirani alitokea humo, pua imelowa, anatafuna.

Methusela alimtazama mnyama huyo mpaka akapita. Kisha alisimama.

— Methusela ni mimi, mama. Mnyama wangu simuuzi. Ana punje, ulimi nimeupapasa mwenyewe.

— Na hospitali? Redio alinong'ona.

— Nitauza mbuzi. Dorkasi anaondoka na basi la kesho.

— Haya, alisema Bupe. Lakini choo?

— Hatuna, mwanangu. Hapa hatuna, na kwangu hakuna. Injinia, niazime sururu.

— Sasa hivi? Jua lote hili?

— Kwangu naanza kuchimba leo. Hapa nikirudi kutoka hospitali, na wewe na Redio mtashika koleo.

Methusela alikwisha kumwaga kahawa iliyopoa na kurudisha kikombe.

— Ukija tena Mlali, alimwambia Bupe, uliza swali lako hilohilo.