Kesi ya Mama Yangu na Binti wa Tindiga

Wapendwa wa kikundi chetu, mwenyekiti ameniomba nisimame, nami nimesimama, ingawa goti hili la kushoto halijakubali. Wengi wenu hapa Mikumi mnanijua kwa wali na maharage. Leo nitawapa kitu kingine. Sitataja jina la mtu, maana wengine wamekufa, na wengine bado wanapita hapa na magari yao.

Mimi nimekulia kwenye danguro. Nalisema mapema ili anayetaka kushtuka ashtuke sasa, tuendelee. Mama yangu ndiye aliyekuwa na ile nyumba ya Kilosa, nyuma ya stesheni. Wazee mliokaa kule mnaijua, na mkiulizwa mtasema hamuijui. Wewe mzee uliyeketi pale usiiname, nakutania.

Nyumba haikuanza hivyo. Mama alikuwa akiuza chai na maandazi kwa watu wa mkonge. Mashamba yakalegea, watu wakaondoka, chai ikakosa mnywaji. Ndipo ikaja ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilishuka kwenye treni marobota kwa marobota, wafanyabiashara wakaja na redio za kaseti, na kila mgeni alitaka mahali pa kulala. Mama akagawa nyumba vyumba, akaandika ukutani kwamba ni nyumba ya wageni. Vitanda vilileta bia, na bia ikaleta wasichana. Mimi hakuniruhusu kabisa kukanyaga upande wa bia. Alinisomesha, alininunulia viatu, na nikiugua alikaa nami mpaka homa ishuke. Nawaambia hivi ili mjue kwamba nilimpenda.

Kila alipokuja mkubwa mpya wa polisi, mama alikamatwa. Alipelekwa bomani, akatozwa faini, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Mji ukazoea. Watu walivuka upande wa pili wa barabara wasipite mbele ya baraza letu, na baadhi yao niliwajua kwa viatu vyao, maana jioni viatu hivyohivyo vilikuwa mlangoni kwetu. Shuleni mwalimu akiniita jina, darasa zima linakohoa. Mnakijua kikohozi kile? Hakina dawa.

Nilikuwa nimeshamaliza shule, nina miaka kumi na tisa, mwanamke mmoja alipomleta binti kutoka kijiji cha Tindiga. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohamia kule na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Walidanganywa kwamba binti anakwenda kufanya kazi za ndani kwa familia ya mjini. Ndugu zangu, yule alikuwa mtoto. Mwaka aliozaliwa siujui, lakini mtoto mnamjua mkimwona anavyolala, na anavyokula sukari kwa kuiba. Kwetu alifua mashuka na kuosha glasi. Kila asubuhi alinipigia goti, "Shikamoo dada," kama alivyofundishwa kwao. Wasichana wengine pale walikuwa wakubwa kwangu, mimi ndiye niliyewaamkia wao.

Kisha siku moja nikamkuta mama anampimisha gauni jipya. Jekundu. Binti anacheka, anajizungusha. Mimi nilijua katika nyumba ile gauni jipya lilikuwa na maana gani.

Mungu ni wa ajabu. Wiki hiyohiyo baba yake alifika. Alikuwa ameuliza njia nzima kutoka Tindiga, na mjini mtu akamwonyesha nyumba. Hakupiga kelele, alikwenda moja kwa moja polisi, akarudi nao. Binti alitolewa kabla hajapelekwa upande wa bia na lile gauni. Safari hii mama hakushtakiwa kwa nyumba tu. Alishtakiwa kwa kumweka mtoto ndani ya danguro, na hilo faini haitoshi.

Akapewa dhamana. Kesi ikawa inabana mahali pamoja: umri. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Baba yake alijua tu kwamba binti alizaliwa mwaka ambao mvua iligoma. Mama naye akasimama mbele ya hakimu akasema yule ni mwanamke mzima, tena amempita hata binti yake wa kumzaa. Shahidi wa kuthibitisha hilo ni nani? Ni mimi.

Jioni kabla ya zamu yangu mama alinikalisha jikoni.

"Kesho ukiulizwa, sema amekuzidi umri. Basi. Neno moja tu, tunarudi nyumbani."

"Mama, yule ni mdogo."

"Nani anajua? Baba yake mwenyewe hajui mwaka."

"Mimi najua."

Akanionyesha miguu yangu kwa kidole. "Na hivyo viatu ulivyovaa, unajua vimetoka wapi?"

Nililala na viatu miguuni, sijui kwa nini.

Nilipoitwa ndani ya mahakama, nilipita kwenye benchi alipokaa binti na baba yake. Nilikuwa nimekaza macho mbele. Yule mtoto, mbele ya hakimu, mbele ya askari, mbele ya mama yangu, akainuka, akapiga goti palepale sakafuni. "Shikamoo dada." Na mimi mdomo ukajibu wenyewe, "Marahaba mdogo wangu, hujambo?"

Hakimu aliweka kalamu chini. Nilipokwisha kuapa, akaniuliza taratibu, "Binti, mimi nimezaliwa nchi hii hii. Kwenu mkubwa humwamkia mdogo?"

Akina mama, njia ya kutokea nilikuwa nayo. Ningesema ananiheshimu kama mtoto wa bosi. Mama alishaiona njia hiyo, alikuwa ananionyesha kwa macho. Nilimtazama mama, nikaona maandazi, nikaona homa zangu zote. Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa ananitabasamia, hajui kabisa kinachoendelea.

Nikasema, "Hapana, mheshimiwa. Ni mdogo kwangu. Mdogo sana."

Mama alijifunika kanga kichwani, akakaa hivyo mpaka nilipotoka.

Alifungwa. Sasa msidhani nilipigiwa vigelegele. Ndugu wa mama walikuja wakabeba vitanda, wakang'oa milango, wakaniambia aliyemfunga mama yake hana kwao. Na wale waliokuwa wakivuka barabara wasitusogelee, sasa walisimama kunitazama na kuulizana, "Mtoto wa namna gani huyu?" Nilikwenda gerezani kumwona mama, akakataa kutoka. Nikaenda tena, akakataa tena.

Nikapanda lori nikaja hapa Mikumi. Nilikunywa, tena nilikunywa vibaya. Na iko siku nilisimama ukingoni mwa barabara kuu, malori yanashuka kwa kasi, na sikuwa nimesimama pale ili nivuke. Mama mmoja muuza chakula akaniita kutoka kwenye banda lake, "Wee binti, umesimama bure, njoo unimenyee vitunguu!" Nikaenda. Nililia kwenye vile vitunguu mpaka vikaisha, naye hakuuliza kitu. Aliniongezea vingine. Yuko hapa leo, amenikataza nisimwonyeshe. Mama, asante. Bila vitunguu vyako leo ningekuwa kaburini.

Hapo ndipo nilipoanza kupona, kidogo kidogo, mpaka nikapata banda langu. Na nyie wa kikundi mlininunulia sufuria za kwanza bila kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Asanteni.

Mama alipotoka gerezani alikuja hapa Mikumi, bandani kwangu. Amekonda, ameketi kwenye benchi langu kama mteja. Nilimpakulia wali na maharage. Akala, akasema, "Chumvi imezidi." Kesho yake akarudi. Siku iliyofuata akakunja mikono, akaanza kuosha sahani, na akabaki. Kuhusu kesi hatukuongea mpaka anakufa. Hakuniambia amenisamehe, wala hakuomba asamehewe. Hilo linaniuma hadi leo, siwafichi.

Lakini nilimwona hivi: akiona mtoto wa kike anashushwa na lori peke yake na kifurushi chake, mama aliacha sahani kwenye maji akamfuata, mikono ina povu. "Wewe, mama yako yuko wapi? Nani amekuita huku?" Madereva walimtukana, waliomjua zamani wakamcheka usoni. Alirudi na mtoto, akampa chakula, akakaa naye mpaka apatikane mtu wa kumrudisha kwao.

Somo langu si tamu. Ukisema kweli juu ya mtu unayempenda utampoteza, pengine kwa miaka, pengine moja kwa moja. Asikudanganye mtu. Sema hivyohivyo, kwa sababu kwenye benchi kuna mtoto.

Mama tulimzika mwaka jana, wengi wenu mlikuwepo. Malori yanaendelea kusimama, na jioni mimi peke yangu siwezi kupika na kutazama barabara. Nawaomba wawili tu miongoni mwenu mje mnisaidie kutazama. Nani atakuja kesho?