Mashine Haianiki

Josepha aliwauzia wafugaji wa Kibondo nyasi alizokata kwa mundu, kwa hiyo ndani ya basi la kutoka Kasulu alisikiliza kwa hofu. Mbele yake Mzee Castory, mmoja wa wafugaji hao, aliisifu mashine mpya ya ushirika wao: inabana nyasi kuwa marobota, na kiangazi ng'ombe hawakondi tena.

"Marobota ya kwanza si yaliota ukungu, mzee?" akachokoza Bi Mwajabu, muuza maziwa, ambaye hakuna aliyemwuliza. "Tulizifunga nyasi zikiwa mbichi, mama. Mashine inabana, haianiki." "Basi mtafuteni wa kuanika! Au mnasubiri mashine nyingine?"

Castory akacheka tu. Basi likasimama sokoni. Josepha akamgusa Castory bega. "Shikamoo, baba. Huyo wa kuanika mmeshampata?"